Alama za Biblia za Mama Jedidah

Homa Bay,
Jumapili, 14 Januari 2024

Kwa wifi Milka,

Nakusalimu wewe, kaka yangu Willis na watoto, na Mama kabla yenu nyote. Huku tuko. Mume wangu Dishon mgongo umempa nafuu na amerudi kuunda mashua, ingawa daktari alimwambia apumzike hadi Pasaka. Marcella anaingia kidato cha kwanza kesho. Sare yake nimeishona mwenyewe, maana ni aibu binti wa fundi kuvaa sare ya dukani.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: hapo Muhuru simu zenu hunaswa na mtandao wa Tanzania, na salio huisha tukiwa bado kwenye salamu. Ya pili ni kwamba siku ya Krismasi ulinikatia simu nikiuliza habari za Mama. Utasema ni mtandao. Haya, karatasi haikatiki. Nitampa Fanuel anayebeba dagaa wa omena kwa gari, naye atakufikishia.

Sasa jambo lenyewe. Leo kanisani kwetu amehubiri mchungaji mgeni kutoka upande wa Migori. Alipofungua Biblia, akatoa alama ya kitambaa na kuiinua juu watu waione, akasema hata vitu vidogo vikishonwa kwa subira humtukuza Mungu. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Alama ile ilikuwa na viboma vitatu vya viraka, kila kimoja hakizidi upana wa vidole viwili, mraba katikati na vipande vyembamba kuuzunguka. Ndiyo ile Mama huiita "dala", kwa mfano wa boma lenye nyumba katikati. Na mraba wa katikati, wifi, ulikuwa wa maua ya manjano. Lile ni gauni langu la ubatizo.

Baada ya ibada nilimfuata nikamuuliza aliipata wapi. Alisema amepewa na Milka wa Muhuru, mwanamke mwenye mikono ya baraka. Sikumwambia mimi ni nani. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Lile furushi la vipande ni la Mama. Nilipokuwa mtoto sikuruhusiwa kuligusa bila kunawa mikono, na hata baada ya kunawa nilipewa kipande kimoja kimoja. Nani amelifungua? Nani amekata gauni langu?

Wifi yako,
Trizah


Muhuru Bay,
2 Februari 2024

Wifi yangu Trizah,

Nimepokea barua yako na salamu zote nimezifikisha. Willis anasema pole kwa Dishon, na anamwomba asibebe mbao peke yake. Edith wangu amefurahi kusikia Marcella yuko kidato cha kwanza, sasa ananisumbua niseme yeye atafika lini, na yuko darasa la nne tu. Omena zilikuwa nyingi mwezi uliopita ila jua limekuwa la kujificha, tumeanika na kuanua mpaka mikono inanuka hata tukilala.

Mama yuko vizuri. Anakula.

Kuhusu furushi, sikulifungua mimi. Mama alilitoa chini ya kitanda kwa mkono wake, akaniwekea mapajani, akasema sasa ni langu, nishone, macho yake yamechoka. Hiyo ilikuwa mwezi wa nane mwaka jana. Gauni la maua ya manjano lilikuwa limeshakatwa zamani. Nilikuta miraba yake imefungwa kwa uzi, tayari kwa kushonwa. Sikujua ni lako. Hakuna aliyeniambia.

Mchungaji yule alikuja kumwombea Mama, nami nikampa alama moja kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa. Kama nilikosea, nisamehe.

Wako,
Milka


Homa Bay,
25 Februari 2024

Kwa wifi Milka,

Salamu zenu nimepata. Dishon amebeba mbao, na mgongo umerudi pale pale. Marcella ameandika kwamba chakula cha shule ni kizuri, kwa hiyo najua anadanganya ili nisije.

Barua yako nimeisoma mara nne. Omena zimepata mistari mitatu, Mama amepata maneno manne. "Mama yuko vizuri. Anakula." Hata ng'ombe husemwa zaidi ya hapo. Na mchungaji alikuja kumwombea nini, ikiwa yuko vizuri?

Sitazunguka. Nina wivu. Dishon amenishauri nisiandike hivyo, lakini nikiacha kuandika utauona tu kwenye maneno mengine. Nilianza kushona nikiwa na miaka tisa, nimekaa kwenye mkeka karibu na miguu ya Mama, na kila mshono wangu uliopinda aliufumua mbele ya watu. Kaka zangu walikuwa wakicheza mpira. Nilivumilia kwa sababu nilijua siku moja furushi lile litakuwa langu. Niliijua kazi ile kabla hujajua kama kuna mahali panaitwa Muhuru. Wewe umeshona sare ngapi? Mimi ninavalisha shule tatu hapa mjini.

Halafu Mama anaamka asubuhi moja anakuwekea wewe mapajani. Hakunipigia simu. Hakuuliza. Ningeelewa kama angekuwa hana binti.

Nakuomba kwa heshima, mpe Fanuel furushi aniletee. Ukitaka vipande vya kujifunzia, nitakutumia mabaki ya sare, ninayo magunia.

Trizah


Muhuru Bay,
6 Aprili 2024

Wifi yangu Trizah,

Usione kimya. Mvua zilianza na paa la jikoni likavuja, Tony akapata malaria, na Fanuel gari lake lilikwama wiki mbili. Sasa mtoto amepona na paa limezibwa. Willis anakusalimu. Yeye hajui tunayoandikiana, naomba ibaki hivyo.

Furushi sitampa Fanuel. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Mama hulitafuta kila asubuhi kabla hata ya uji. Akilikosa nyumba haikaliki. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Umesema una wivu. Mimi nimekaa hapa miaka kumi na mmoja. Nilipoletwa kutoka Ntimaru, Mama alifunga mlango wa nyumba yake na mimi nikalala kwa jirani. Miaka miwili hakuniita jina, aliniita nyar Kuria, msichana wa Wakuria, hata akitaka chumvi. Wewe ulikuwa ukija Desemba na mkate wa mjini, mnacheka kwa Dholuo, lugha yenu, usiku kucha, na mimi jikoni nasikia kicheko bila kujua kinachochekwa. Kwa hiyo wivu naujua, wifi. Nimeushona muda mrefu kuliko sare zako. Umekuja mara ngapi tangu mwaka juzi? Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Lakini sikuandika ili tugombane. Ndani ya bahasha kuna alama ya Biblia. Mama amekushonea kwa mkono wake, mwanzo hadi mwisho, mimi nilimtungia uzi tu. Ilimchukua wiki tatu. Iweke kwenye Biblia yako.

Milka


Homa Bay,
28 Aprili 2024

Milka,

Salamu utazitoa kwa Mama na kwa kaka yangu. Zako sina leo.

Alama niliipokea Jumatano. Nilifurahi, nisikufiche, niliibusu. Nikamwonyesha Dishon, nikawaonyesha wateja watatu waliokuwa wakisubiri kupimwa. Kisha nikaiweka kwenye Zaburi, na nilipoipinda kidogo nikasikia inachakarisha.

Wewe umejifunza juzi, kwa hiyo acha nikueleze kazi ya mama yangu. Kila kipande kidogo cha kitambaa hukunjwa juu ya kikaratasi ili kisipoteze umbo, kinapigwa bandi, ule mshono wa muda, kisha vinaunganishwa. Vikishaungana, bandi inafumuliwa na vikaratasi vinatolewa kimoja kimoja, ndipo unaweka tabaka la blanketi kuukuu na bitana. Karatasi ikisahaulika ndani, alama haikai sawa na ikilowa inaharibika. Tulipokuwa tunajifunza, aliyesahau kikaratasi alivutwa sikio. Katika maisha yangu yote Mama hajawahi kusahau hata kimoja.

Kwa hiyo nilijua mara moja kwamba hakuishona yeye. Umeishona wewe, kwa haraka, ukaandika jina lake juu ya kazi yako. Hilo peke yake lingetosha.

Nilichukua wembe nikaifumua. Nilikuta vikaratasi vitatu, vya ile miraba ya katikati. Kimoja kimeandikwa "gauni langu". Kingine "Nina wi". Cha tatu kina nusu ya jina la Marcella. Ni mwandiko wangu, Milka. Ni wino wangu wa buluu. Umekata barua zangu ukazigeuza vikaratasi vya kushonea, ukanitumia kwenye bahasha niziweke katika Biblia.

Nimekosewa na watu wengi, lakini hakuna aliyewahi kukaa chini na mkasi akafanya hivi kwa subira. Sitakuuliza sababu. Ninakuja Agosti shule zikifungwa, kumchukua Mama aje akae na mtu wa damu yake.

Trizah


Muhuru Bay,
30 Juni 2024

Wifi yangu Trizah,

Nimeandika barua hii mara tano na kuichana. Ya leo nitampa Fanuel kabla sijaisoma tena. Watoto ni wazima. Willis amekonda, na nadhani anajua ninayotaka kukuambia, ila ni mwanamume, yeye hutoka nje akaangalia ziwa.

Alama ile aliishona Mama. Naapa kwa watoto wangu. Vikaratasi alivisahau. Sasa hivi husahau vyote. Akimaliza kuunganisha, huweka bitana hapo hapo, na nikimwambia "Mama, karatasi", huniuliza karatasi gani. Nilikuwa nikimvizia akisinzia nizitoe. Hiyo yako alinipa ikiwa imeshafungwa pindo, na mshono wake ulikuwa umenyooka siku hiyo, sikuwa na moyo wa kuufumua. Nikasema wewe hutajua. Nilisahau wewe ni nani.

Tangu mwezi wa saba mwaka jana Mama hanijui. Mwanzo aliniangalia tu kama mtu aliyepotea njia akaingia nyumbani kwake. Alikataa nimwogeshe. Alikaa siku mbili hajala chakula changu. Siku ya tatu nikaingia na uji, akanitazama, uso wake ukafunguka akasema, "Trizah, umekuja." Nami nikajibu, "Nimekuja, Mama." Akanywa kikombe chote.

Nimekuwa wewe mwaka mzima, wifi. Nikiwa wewe anakubali kuoga. Nikiwa wewe ananishika mkono tukienda chooni, ananisimulia habari za baba yenu. Krismasi nilikata simu kwa sababu ulikuwa ukisema "nipe Mama niongee naye", na yeye alikuwa ameketi karibu nami ananiita Trizah kwa sauti. Ningefanyaje? Na lile furushi aliponiwekea mapajani, hakusema "Milka, ni lako". Alisema, "Trizah, mwanangu, nimekuwekea." Kwa hiyo halikuwa langu hata dakika moja. Chochote nilichopewa katika nyumba hii kwa upendo, nimepewa kwa jina lako. Ukiwa na wivu, mwonee wivu mtu mwingine.

Kuhusu barua zako kukatwa, Mama ndiye aliyeshika mkasi. Nilikuwa nimemsomea. Alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Huyu mwanamke wa Homa Bay anayekuonea gere ni nani? Usimjibu, Trizah." Kisha akataka karatasi ya kushonea. Hapa nyumbani kuna madaftari ya watoto tele. Nilimpa barua zako mbili. Nilizichagua mimi. Sikufanya kwa bahati mbaya, na nilipomwona anazikata nilifurahi. Hilo ndilo kosa langu na nimelisema.

Njoo Agosti. Furushi ulichukue, ni lako. Lakini kuhusu kumhamisha, mwone kwanza.

Milka


Homa Bay,
Jumapili, 8 Septemba 2024

Wifi yangu Milka,

Nakusalimu, nawasalimu wote. Nilifika salama. Dishon amepokea samaki wako na kumaliza wa kwanza kabla sijavua viatu. Marcella amerudi shule, na cherehani zangu zote mbili zinangoja sare za muhula wa tatu. Najua umesubiri barua hii. Ni wiki tatu tangu nitoke kwenu na sikuandika, na sababu nitakuambia.

Mengi uliyaona mwenyewe. Uliona nilivyosimama mlangoni na Mama akakuuliza wewe, "Trizah, mgeni huyu ni nani?" Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilipanga kumwambia, "Mama, Trizah ni mimi." Kisha nikaona jinsi alivyokukamata kiganja, vidole vyake vimefumbatana na vyako, na jinsi wewe ulivyokuwa umeinamisha uso kana kwamba umefumaniwa ukiiba. Nikasema, "Ni mimi Milka, Mama. Nyar Kuria." Ulinitazama kwa mshangao. Hata mimi nilijishangaa.

Usichokijua ni kilichofuata. Unakumbuka Mama alikutuma maji ya kunywa na mtungi ulikuwa mtupu, ukaenda mpaka kwenye tangi la shule. Hakuwa na kiu. Alitaka kubaki na mkaza mwana wake. Ulipotoka, aliniita nisogee, akaanza kusema taratibu kwa Dholuo kile alichokuwa hajawahi kukuambia. Nitakiandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza, bila kuongeza.

Alisema, "Nyar Kuria, siku ile Willis alipokuleta, nilifunga mlango. Nilikuona dirishani umesimama na begi lako. Kila siku nasema nitakuambia nilikosea, na kila siku naona aibu. Mimi ni mzee wa kanisa, ningeanzaje? Trizah nampenda, ni damu yangu, lakini Trizah huja na kwenda. Wewe ndiye uliyekaa. Siku watakaponizika, wakiwaita watoto wangu mbele ya watu, usingoje wakaza wana waitwe. Simama na watoto."

Kisha akanifuta uso, maana nilikuwa nalia, akadhani nalia kwa furaha.

Ndiyo maana niliondoka siku iliyofuata badala ya kukaa wiki, nikasingizia wateja. Ndiyo maana sikutaja tena habari ya kumhamisha, na furushi nikaliacha chini ya kitanda chake. Umesema ulipewa mapenzi yangu kwa jina langu. Na mimi nilipewa yako. Tofauti ni kwamba wewe uliyatunza mwaka mzima ukamwogesha nayo, na mimi niliyabeba ndani ya gari hadi Homa Bay nikiwaza kwamba nikinyamaza, hakuna atakayejua. Mama hatasema tena. Keshasahau. Yangekufa nami. Wiki tatu nimeshona sare nikijiambia kwamba mwanamke aliyekata barua zangu hastahili maneno hayo. Mara mbili niliketi kukuandikia, nikaandika habari za mvua.

Sasa nimeyaandika na ni yako, yote, hata yale yaliyoniuma. Onyesha Willis ukitaka. Na siku hiyo ya mazishi ikifika, mtangazaji akiita watoto wa Jedidah, usinitafute kwa macho kuona kama nimekubali. Njoo tu. Mimi nitasogea. Usidhani nitakuwa nimefurahi, bado nina wivu nawe mpaka kwenye mifupa. Lakini nitasogea, na nafasi kati yangu na Willis itakuwa yako.

Wifi yako,
Trizah